Visikizi Vizima, Kikasha Kibovu: Maswali ya Wasomaji

Barua zilizonifikia mwezi huu zimeegemea upande mmoja. Zinahusu visikizi visivyotumia waya, ambavyo vijana wa Nairobi huviita podi, na karibu hakuna mwandishi hata mmoja anayelalamikia sauti. Wote wanalalamikia kikasha, kile kijaluba cha plastiki ambamo visikizi hulazwa na kuchajiwa. Nimechagua barua sita, nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyahifadhi.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Umoja. Mwezi wa Februari nilinunua visikizi kwa shilingi 2,800 katika duka moja la barabara ya Luthuli. Sauti ni safi na sina neno nayo. Baada ya miezi mitatu kifuniko cha kikasha kilianza kuchezacheza, na sasa bawaba imekatika upande mmoja. Kinachonishangaza ni kwamba tangu bawaba ilegee, chaji inaisha hata nikiwa sijavitumia: nalala kikasha kimejaa, naamka kimebaki nusu. Fundi mmoja ameniambia betri imekufa na itabadilishwa kwa shilingi 800. Mwingine ameniambia nitie supaglu. Nimfuate yupi? – Msomaji wa Umoja

JIBU: Ndugu yangu, usimlipe yeyote kati yao mpaka ufanye jaribio moja lisilogharimu chochote. Leo jioni jaza kikasha chaji, weka visikizi ndani, funga kifuniko, kisha kizungushie mpira kama ule wa kufungia noti na uukaze mpaka kifuniko kikae chini kabisa. Ukiamka na kukuta chaji iko karibu vile vile ulivyoiacha, betri yako ni nzima na ugonjwa uko kwenye bawaba.

Mambo haya mawili yanahusiana hivi. Vikasha vingi vya siku hizi vina sumaku ndogo ndani ya kifuniko na, upande wa chini, kitambuzi kinachoihisi sumaku hiyo. Kifuniko kikishuka, kitambuzi hutoa habari kwamba kikasha kimefungwa, visikizi hukata mawasiliano ya bluetooth na simu, na kila kitu hulala. Bawaba ikilegea kiasi cha milimita moja au mbili tu, sumaku hubaki mbali na kitambuzi, na kikasha huendelea kuamini kwamba kiko wazi. Visikizi hukesha vikizungumza na simu au kuitafuta, na kikasha nacho hukesha kikivijaza upya. Mwenye mali anaona chaji imekwisha, anailaumu betri, kumbe ni mlango ambao haujafungwa. Ndiyo maana nakataa maneno ya wauzaji wanaosema kwamba bawaba ni urembo wa nje usiogusa utendaji wa kifaa.

Huenda unajiuliza pia ikiwa ni wewe uliyekivunja. Wiki iliyopita nilikaa kwa fundi mmoja katika jengo la barabara hiyo hiyo ya Luthuli, akanifungulia kikasha cha bei inayokaribiana na yako. Alipasha ukingo kwa hewa ya moto, akapitisha wembe mwembamba kwenye mshono, ganda likaachia. Bawaba yote ilikuwa kijiti kimoja cha chuma, chembamba kama sindano ya kushonea, kilichopitishwa katika masikio mawili ya plastiki, na ukuta wa plastiki unaozunguka kila tundu haukufika milimita moja. Fundi alinisogezea taa. Pembeni mwa tundu la kulia palikuwa na mistari miwili myeupe, ile ambayo plastiki huionyesha inapoelemewa muda mrefu kabla haijapasuka, na mwenye kikasha hicho alikuwa amekileta kwa tatizo jingine kabisa, bila kujua kwamba bawaba ilikuwa njiani kukatika.

Kifuniko cha namna hiyo ni wenzo. Kutoka kwenye bawaba hadi kwenye mdomo unaoushika kwa kidole gumba kuna kama milimita 30, na kile kizuizi kinachokizuia kifuniko kisipitilize kiko milimita 3 tu kutoka kwenye kijiti. Maana yake ni kwamba kidole kikiendelea kusukuma baada ya kifuniko kufika mwisho wake, kani inayoangukia masikio ya plastiki ni takriban mara 10 ya ile uliyoisukuma. Mtu anayefungua kikasha mara 10 kwa siku atakuwa amekifungua mara 3,650 kwa mwaka, na aliyekichora kikasha alipaswa kuihesabu kazi hiyo kabla ya kuamua unene wa plastiki. Kwa hiyo, la, sikuoni kuwa na kosa. Kufungua na kufunga ndiyo kazi ya kifuniko.

Kuhusu supaglu, nakuomba sana usiitie. Ni nyepesi kama maji, hutambaa hadi ndani ya tundu la bawaba na kukikwamisha kifuniko, na mvuke wake hutua juu ya plastiki kama utandu mweupe. Utandu huo ukifika kwenye pini za kuchajia, unauzuia umeme, nawe utakuwa umeongeza tatizo la pili. Ikiwa ni lazima kugundisha, tumia epoksi, ile inayouzwa kwa mirija miwili ya kuchanganya, uipake kwa ncha ya kijiti cha meno upande wa nje wa sikio lililopasuka, kijiti cha chuma kikiwa kimepakwa mafuta ya mgando kidogo ili kisishikwe, halafu uache kwa saa 24 bila kukigusa. Sitakuahidi kwamba kitadumu miaka. Njia iliyo bora kuliko hiyo ni kutafuta kikasha kizima cha aina ile ile kabisa, kwa kuwa watu wengi hupoteza visikizi wakabaki na vikasha vizima, na baadhi ya mafundi huvihifadhi. Nenda na kisikizi chako mkononi ukijaribu: kikikaa sawasawa na taa ikawaka, umepata.

SWALI: Hujambo Mshauri? Kikasha changu kilikuwa na ngozi laini kama mpira. Sasa kimekuwa kinanata, kinashika vumbi la mkoba na kuacha weusi mikononi. Je, plastiki inaoza? – Mama wa South B

JIBU: Sijambo, mama. Plastiki yenyewe iko salama. Kinachoharibika ni utando mwembamba uliopakwa juu yake ili iwe laini mkononi, ambao huvunjika taratibu kwa unyevu, joto na mafuta ya ngozi. Chukua kitambaa kilicholowa spiriti ya hospitali, toa visikizi, usugue taratibu mpaka utando wote utoke, na uiepushe spiriti isiingie kwenye tundu la chaji. Utabaki na plastiki tupu isiyong'aa sana, lakini haitanata tena. Unaponunua kingine, chagua chenye plastiki ya kawaida isiyopakwa kitu.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi hukimbia msitu wa Karura kila Jumamosi nikiwa nimevaa visikizi. Boksi limeandikwa IPX4, na muuzaji aliniambia havidhuriki kwa jasho. Sasa cha kushoto hakichaji kabisa isipokuwa nikikikandamiza kwa kidole. Ndani ya kikasha naona pini moja imekuwa ya kijani kibichi. Nimedanganywa? – Mkimbiaji wa Parklands

JIBU: Kaka, umepewa ukweli nusu, na nusu iliyoachwa ndiyo iliyokuumiza. Alama ya IPX4 inamaanisha kwamba kifaa kimestahimili maji ya kurushwa kutoka pande zote, lakini katika aina nyingi za visikizi alama hiyo ni ya visikizi peke yake na haimo kwa kikasha. Soma maandishi madogo kwenye boksi lako na utaona imetajwa sehemu gani. Wachache hukipa kikasha kinga hiyo pia. Apple, kwa mfano, walifanya hivyo katika AirPods Pro za kizazi cha pili zilizotoka mwaka 2022.

Sasa tazama kinachotokea ukimaliza mbio. Unavua visikizi vikiwa na jasho, unavitumbukiza kikashani na kufunga. Jasho ni maji ya chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme. Pini za kikasha zina umeme wa kuchaji, kwa hiyo tone lililobaki kati ya pini na kisikizi hugeuka kuwa mtambo mdogo wa kula chuma: dhahabu nyembamba iliyopakwa juu ya pini hutobolewa kwanza, kisha shaba iliyo chini yake huanza kutoa ule ukijani uliouona. Kifuniko kilichofungwa hulizuia jasho lisikauke, na kazi hiyo huendelea mpaka Jumapili asubuhi.

Kwamba kinachaji ukikikandamiza ni habari njema, maana betri ya kisikizi na mfumo wa ndani vingali hai na kilichopotea ni mguso tu. Toa visikizi vyote viwili. Lowesha kijiti cha pamba kwa spiriti, ukikamue kisiwe kinachuruzika, usugue ile pini ya kijani na vile vidoa vya chuma vilivyo kwenye kisikizi, ambako mara nyingi utakuta pia nta ya sikio. Kisha chukua kijiti cha meno cha mbao, ubonyeze kila pini taratibu. Pini hizo zimekalia springi. Pini nzima hushuka na kurudi yenyewe. Isiporudi, dondoshea tone moja la spiriti pembeni mwake na uibonyeze mara kadhaa mpaka uchafu uachie. Acha kikasha wazi kwa saa moja kabla ya kukirudishia visikizi. Usitumie sindano wala pini ya chuma, kwa sababu ukigusisha pini mbili kwa pamoja unaweza kuunguza mfumo wa chaji. Na ukimpelekea fundi, mwombe mapema asikisafishe kikasha kwa thina, hata kama anaitumia kila siku kusafishia bodi za simu, kwa kuwa thina huyeyusha plastiki ya aina hiyo na nimeona vikasha vilivyorudi kwa wenyewe vikiwa na alama za vidole zilizozama kwenye ganda.

Ukijani ukiwa umekwisha kuila pini mpaka ikawa fupi kuliko nyingine, usafi hautaisaidia. Fundi mwenye mkono mwepesi anaweza kuchomoa pini ya kikasha kibovu na kuilehemu kwenye chako, lakini mwulize bei kabla hajakifungua, kwani ganda limegundishwa na kulifungua bila kuliharibu ndiko kunakokula saa zake. Baada ya hapo, kila Jumamosi, futa visikizi kwa fulana kavu na uvipe dakika chache za hewa kabla ya kuvilaza.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwanafunzi, naishi Kahawa West. Kikasha changu kina tundu la USB-C, lakini nikitumia chaja mpya ya simu ya dada yangu, yenye waya wa ncha zinazofanana pande zote mbili, hakiwaki hata taa. Nikitumia chaja ya zamani kinachaji vizuri. Dada anasema chaja yake ya wati 33 ina nguvu nyingi mno na itakiunguza. Ni kweli? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Dada yako ana nia njema, lakini si kweli. Chaja ya aina hiyo haisukumi wati 33 kwa kila kinachochomekwa. Huanza na volti 5, na haipandishi mpaka kifaa chenyewe kiombe kwa lugha wanayoelewana, jambo ambalo kikasha kidogo hakilifanyi.

Kasoro iko kwa aliyekitengeneza kikasha chako. Chaja mpya ya ncha mbili zinazofanana haitoi umeme hata kidogo mpaka itambue kwamba upande wa pili kuna kifaa kinachohitaji kulishwa, na alama ya utambuzi huo ni rizista mbili ndogo, kila moja ya kilo-omu 5.1, zinazowekwa nyuma ya tundu la USB-C. Ni vipande vidogo kuliko punje ya ulezi, na bei yake kiwandani ni ya kiwango ambacho hakuna mnunuzi angeihisi. Walioviacha wamebana matumizi mahali pasipoonekana. Chaja ya zamani yenye tundu la mstatili hutoa volti zake 5 wakati wote bila kuuliza, ndiyo maana nayo kinachaji.

Kwa hiyo endelea na waya wa zamani bila hofu yoyote, na ukiwa nyumbani kwa wenzako tafuta waya wenye ncha pana upande mmoja. Nataka tu wasomaji wengine wajue kwamba umbo la tundu si ushahidi wa kilichomo ndani. Tangu tarehe 28 Desemba 2024, Umoja wa Ulaya unalazimisha visikizi vya aina hii vinavyouzwa huko viwe na USB-C, na tundu hilo sasa limeenea hadi kwenye vile vya bei ya chini vinavyopangwa juu ya meza za barabarani. Lakini mwenye kufuata umbo bila kufuata kanuni ametuuzia nusu ya kitu. Siku ya kununua, jaribu kwa nyaya zote mbili.

SWALI: Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mwalimu, naishi Kasarani. Nilimnunulia mume wangu visikizi vya shilingi 4,500 katika duka moja la Moi Avenue, boksi likiwa na waranti ya mwaka mmoja. Wiki ya tatu, kifuniko kiliacha kufunga na kisikizi cha kulia kikawa kinadondoka kila kikasha kinapofunguliwa. Nilipokirudisha, muuzaji alisema waranti ni ya sauti, si ya kikasha, halafu akanionyesha tangazo ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Risiti yangu imeandikwa kwa mkono, ila nililipa kwa M-Pesa. Je, nina haki yoyote? – Mwalimu wa Kasarani

JIBU: Mwalimu, unayo, tena imeandikwa mahali pa juu kuliko ukuta wa duka. Ibara ya 46 ya Katiba yetu ya mwaka 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia kwa hasara inayotokana na kasoro zake. Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012, katika kifungu cha 5, inamhesabu muuzaji kuwa ametoa dhamana kwamba alichouza kina ubora wa kuridhisha, na haikubali dhamana hiyo ifutwe kwa masharti ya muuzaji. Tangazo lile la ukutani, hata liandikwe kwa herufi kubwa namna gani, haliondoi wajibu wake juu ya kitu kibovu. Linaweza kumzuia aliyebadilisha nia yake baada ya kununua. Wewe hukubadilisha nia, kifuniko ndicho kilichoacha kufunga.

Dai kwamba kikasha hakimo katika waranti ndilo lililonikera zaidi katika barua zote za mwezi huu. Visikizi na kikasha vimeuzwa katika boksi moja kwa bei moja, na kisikizi kisicho na kikasha hufanya kazi kwa saa chache kisha kikawa punje ya plastiki, kwa kuwa hakuna njia nyingine ya kukichaji. Msomee kadi ya waranti neno kwa neno. Kama haisemi waziwazi kwamba kikasha kimeondolewa, muuzaji amejitungia sharti.

Lipo jambo moja ambalo lazima nikuambie kwa uwazi, kwa sababu yeye akipata mshauri ataambiwa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kwamba mnunuzi akiikagua bidhaa kabla ya kuinunua, hawezi baadaye kudai juu ya kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuifichua. Kwako wewe halina madhara: kifuniko kilikuwa kikifunga siku ya kwanza, na kasoro ilijitokeza wiki ya tatu. Kwangu mimi lilikuwa na madhara mwaka juzi, nilipoletewa kikasha kaunta, nikakigeuzageuza mikononi, nikalipa, kisha nikaona ndani ya matatu kwamba kifuniko kilikuwa kimepinda tangu kiwandani. Muuzaji aliniambia nilikishika mwenyewe, na sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo hukagua hivi, na naomba kila msomaji afanye hivyo bila haya, hata foleni ikiwa ndefu nyuma yake. Huomba maboksi mawili ya aina moja yafunguliwe mbele yangu, kwa sababu kasoro huonekana haraka kitu kikiwa kando ya mwenzake. Huwasha tochi ya simu na kuupitisha mwanga kwenye mstari ambapo kifuniko hukutana na mwili. Nafasi ikiwa pana kona moja na finyu kona nyingine, hilo boksi hurudi kwenye rafu. Hukishika kifuniko kikiwa wazi na kukisukuma kushoto na kulia kwa kidole kimoja, si kwa nguvu, kuhisi kama kinacheza. Kisha hukipindua kikasha kilicho wazi juu ya kiganja: sumaku zikiwa sawa, visikizi hubaki vimening'inia bila kudondoka. Mwisho huchomeka waya na kuutikisa kidogo, nikiangalia kama taa inapepesa. Dakika tano zinatosha, na muuzaji anayekukataza kufanya hivyo amekwisha kukueleza habari za mali yake.

Tuirudie kesi yako. Mwandikie muuzaji barua fupi yenye tarehe ya ununuzi, bei, kasoro na unachotaka, yaani kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, na umpe siku 14. Ambatisha picha ya risiti na ujumbe wa M-Pesa, ambao ni ushahidi mzuri wa siku, kiasi na aliyepokea. Piga picha ya video ukikifungua kikasha na kisikizi kikidondoka. Ikiwa boksi lilitaja waranti ya mwaka na duka linaikana, hilo linakaribia kuwa maelezo ya kupotosha, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya namna hiyo. Asipojibu, iko Mahakama ya Madai Madogo pale Milimani, iliyoanza kazi mwezi Aprili 2021 chini ya sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, unaruhusiwa kujisemea mwenyewe bila wakili, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Ninavyowajua wauzaji, wengi hulegea barua inapofika, kabla hata ya hatua hizo.

SWALI: Mshauri, kikasha cha mwanangu kimefura. Upande wa chini ganda limefunguka na kifuniko hakishuki. Baba yake anataka kukibana kwa jiliwa kisha akifunge kwa utepe. Bado kinachaji. Tufanye nini? – Mzazi wa Kayole

JIBU: Dada yangu, nilikujibu kwa simu siku barua ilipofika, nami nachapisha jibu hili kwa ajili ya nyumba nyingine zenye kikasha kama hicho kwenye droo. Msikibane, msikitoboe, msikichaji tena hata kwa dakika moja. Hili si suala la plastiki dhaifu. Kilichofura ni betri ya lithiamu iliyo chini ya kikasha, kifuko kidogo kilichojaa gesi kwa sababu kemikali zake zimeanza kuvunjika. Ganda limefunguka kwa kuwa linasukumwa kutoka ndani. Kukibana kunaweza kuzigusisha tabaka zake za ndani, na hapo hushika moto mara moja. Betri za vikasha vingi ni za kati ya mAh 300 na 600 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri huhifadhi), ndogo kuliko ya simu, lakini moto wake unatosha kuunguza mkono au godoro.

Wengi wameniuliza kwa nini betri hiyo isibadilishwe tu. Mara nyingi imegundishwa chini ya bodi, na wembe unaofungua ganda hupita karibu nayo sana. Kwa betri iliyokwisha kufura, hakuna fundi ninayeweza kumshauri aijaribu. Inawezekana kutengeneza vinginevyo: Fairphone ya Uholanzi ilitoa mwaka 2024 visikizi vinavyoitwa Fairbuds, ambavyo mtumiaji anaweza kuzibadilisha betri zake mwenyewe, pamoja na ile ya kikasha. Umoja wa Ulaya nao umeweka kanuni kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze, kwa jumla, kutolewa na mwenye kifaa. Natamani sana sharti kama hilo lifike kwetu.

Usikitupe kwenye pipa la nyumba. Lori la taka hushindilia mzigo wake, na betri iliyofura ikishindiliwa huweza kuwasha kila kitu kilicho juu yake kabla ya kufika jaa la Dandora. Toa visikizi, ambavyo huenda ni vizima, na ukilaze kikasha ndani ya debe au sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu. Wiki hii kipeleke kituo cha WEEE Centre kilichoko Utawala, ambako hupokea taka za elektroniki pamoja na betri. Kutoka Kayole si mbali. Mpaka siku hiyo, debe likae nje, pasipofikiwa na watoto, mbali na jua na mbali na mtungi wa gesi.